Uso wa aliyenyweshwa mafuta ya nyonyo

Ukitaka kuzijua nahau za uso za Kimarathi, anza na hii: एरंडेल प्यायल्यासारखा चेहरा, yaani erandel pyaaylyaasaarkhaa cheharaa. Uso kama wa mtu aliyekunywa mafuta ya nyonyo. Ni maneno ya nyumbani huko Maharashtra, jimbo la India lenye miji ya Mumbai, Pune na Nagpur, kwenye lugha ambayo sensa ya 2011 iliwahesabu watu wapatao milioni 83 wanaoitaja kuwa lugha yao ya mama. Wanafunzi wengi hukutana nayo mapema, wanaandika pembeni mwa daftari "kununa", halafu wanaitumia vibaya miaka nenda miaka rudi. Si kununa. Anayenuna amechagua kununa, na akibembelezwa anaweza kuacha. Aliyekunywa nyonyo hana hiari hiyo.

Tuanze na mafuta yenyewe, kwa sababu maana yote imo humo. Erandel ni neno lililoungana: erand ni mnyonyo, ambao wengine kwetu huuita mbarika, na tel ni mafuta. Mti huu asili yake ni upande wetu, mashariki na kaskazini-mashariki mwa Afrika, ingawa leo nchi inayoongoza duniani kwa kuuzalisha ni India, na sehemu kubwa inatoka Gujarat, jirani wa Maharashtra. Kwa vizazi vingi watoto wa Kimarathi walinyweshwa mafuta haya ili kusafisha tumbo, mara nyingine kwa maji ya tangawizi kavu au kinywaji kingine cha moto cha kuyasukuma. Kizazi cha bibi na babu zetu wengi Afrika Mashariki hakihitaji kuelezwa habari hiyo.

Sasa kumbuka ladha yake. Mafuta ya nyonyo si machungu, na hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoteleza. Mswahili haraka haraka atasema "uso wa aliyelamba shubiri" au "aliyelamba ndimu". Uchungu wa shubiri na ukali wa ndimu hupiga mara moja: uso unajikunja, unafumba macho, unatikisa kichwa, umepita. Nyonyo haina pigo la namna hiyo. Ni nzito kumiminika, mara mamia kuliko maji, kwa hiyo haiteremki upesi. Inapaka ulimi, inapaka kaakaa, inabaki kooni, na maji ukinywa juu yake hayaioshi kwa sababu mafuta na maji hayapatani. Tena kumeza si mwisho. Mafuta yakifika utumbo mwembamba yanavunjwa, inatoka asidi ya risinoleiki, ambayo ni kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya asidi zake za mafuta, na asidi hiyo ndiyo inayoufanya utumbo ukamue. Kazi hiyo hutokea kati ya saa 2 na saa 6 baadaye. Mtoto aliyewahi kunyweshwa anajua kabisa kinachomsubiri, na ule ujuzi nao unaonekana usoni.

Kwa hiyo nahau hii inataka mambo matatu kwa pamoja. Mtu hakukitaka kitu. Hakuwa na njia ya kukikataa. Na bado hakijaisha. Likikosekana moja, Mmarathi atatafuta nahau nyingine, nazo anazo tele. Mjomba aliyelazimishwa kukaa mstari wa mbele kwenye picha ya harusi ya ukoo aliokosana nao, na mpiga picha anasema bado moja, bado moja: huyo ana uso wa erandel. Mfanyakazi anayempongeza mwenzake aliyepewa cheo alichokitaka yeye, na hotuba zinaendelea: naye pia. Lakini mtu aliyeonja pilau yenye chumvi nyingi akasukuma sahani, huyo hapana. Alikuwa na nafasi ya kusukuma sahani.

Itazame kwa karibu inavyotumika mezani. Mtoto ana mboga ya karela mbele yake. Karela ni chungu, na mama hataki maneno. Mtoto ametia kidogo mdomoni, hatafuni, hatemi. Mama anasema:

"Asaa erandel pyaaylyaasaarkhaa cheharaa karu nakos. Don ghaas khaa."

Usinifanyie uso wa aliyekunywa nyonyo. Kula matonge mawili. Neno ghaas ni tonge hasa, kile kiasi cha chakula kinachoshikwa na vidole, na namba mbili hapo haihesabiwi. Ni "japo kidogo tu", kama sisi tunavyosema "kula hata matonge mawili". Angalia pia midomo ya mtoto: imefungwa. Hii ni alama ya kushika. Paul Ekman na Wallace Friesen walichapisha mwaka 1978 mfumo unaovipa namba vitendo vya misuli ya uso, na kwa hesabu yao ningeuandika uso huu 9, 15 na 17: mzizi wa pua unakunjika, pembe za mdomo zinashuka, kidevu kinausukuma mdomo wa chini kwenda juu. Mdomo haufunguki, kwa sababu ukifunguka kitatoka. Ukitaka kuikariri nahau hii, ufanye uso huo mbele ya kioo huku unaisema. Utaona kwamba neno pyaaylyaasaarkhaa halitamkiki vizuri ukiwa umekaza midomo hivyo, na ndiyo maana nahau hii haisemwi na mwenye uso. Husemwa na anayeutazama.

Sasa sarufi, na hapa msemaji wa Kiswahili ana faida moja na mtego mmoja.

Faida ni upatanisho. Neno saarkhaa maana yake ni "kama", lakini halikai wima kama "kama" yetu. Linafuata jinsia na idadi ya jina linalokuja mbele yake, jinsi vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli. Cheharaa, uso, ni neno la kiume, kwa hiyo saarkhaa. Ukitumia tond, ambalo ni mdomo na pia ni uso, hilo si la kiume wala la kike, na litakuwa saarkhe kwenye maandishi. Katika mazungumzo mwisho wake hufupishwa hadi sauti fupi ya a. Nyuso za watu wengi, chehare, zitachukua saarkhe pia, lakini hiyo ni ya wingi wa kiume. Aliyezoea kusema kiti kizuri, viti vizuri, hashangai. Kabla ya saarkhaa kitenzi nacho hubadilika: pyaaylaa, "alikunywa", hugeuza mwisho wake wa laa kuwa lyaa ndipo kipokee saarkhaa. Ukishaishika hatua hiyo moja unaweza kuunda nyuso nyingine. Bhut paahilyaasaarkhaa cheharaa, uso kama wa aliyeona mzuka. Kaahi na jhaalyaasaarkhaa cheharaa, uso kama vile hakuna lililotokea, ambao sisi tungeuita uso mkavu.

Mtego uko kwenye wakati uliopita. Kiswahili kinampa mtenda kiambishi chake mwanzoni mwa kitenzi, tukazoea kwamba kitenzi kinamfuata mtenda siku zote. Katika Kimarathi, vitenzi vingi vyenye kitendwa vikiwa katika wakati uliopita humwacha mtenda na kufuata kitu kilichotendwa. "Alifanya uso" ni tyaane cheharaa kelaa kwa mwanamume, na kwa mwanamke ni tine cheharaa kelaa. Kelaa haibadiliki, kwa sababu inaufuata uso, si mwenye uso. Ukisema tond badala ya cheharaa, kelaa inakuwa kele. Kosa la kawaida ni kusema kelii kwa sababu mtenda ni mwanamke. Linalozidisha utata ni kwamba kitenzi cha kunywa kiko katika kikundi kidogo kisichofuata kanuni hiyo: mwanamume pyaaylaa, mwanamke pyaaylii, kinamfuata mnywaji. Kwa hiyo nahau moja ina vitenzi viwili vyenye tabia mbili. Ndani ya nahau usihangaike na mnywaji, lyaa imeganda hapo kwa wote. Hangaika na kelaa.

Matamshi yana mambo mawili yanayofaa kutajwa. La kwanza ni herufi च. Katika neno cheharaa inatamkwa ch, kama chai. Katika neno tyaachaa, "wa yeye", inatamkwa karibu na ts: tyaatsaa. Ukisema "uso wake", tyaachaa cheharaa, unaitamka herufi moja kwa sauti mbili ndani ya pumzi moja, na Mmarathi atajua papo hapo kama umejifunza kwa macho tu. La pili ni namna mbili za kutamka n na d. Ile ya erandel, tond na padne inatamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma, juu ya kaakaa, si kwenye meno. Linaonekana jambo dogo mpaka ukutane na jozi hii: tondaalaa paani sutne, kwa n ya kukunja ulimi, ni mdomo kujaa maji, yaani kudondokwa mate kwa hamu ya chakula. Tondaalaa paane pusne, kwa n ya kawaida, ni kupangusia mtu majani mdomoni, yaani kumlaghai. Unamsifia mwenyeji mapishi yake, ukateleza ulimi, umemtaja tapeli.

Kwenye kuandika kuna kitu kizuri. Cheharaa ikipata kiambishi inageuka: "usoni" ni चेहऱ्यावर, chehryaavar. Hiyo r ya nusu huandikwa kwa mkato mdogo uliopinda, ambao wataalamu wa hati huuita r ya kope, kwa kuwa umekaa kama kope ya jicho. Ni alama ambayo Kimarathi hakiwezi kuiacha, maana aachaaryaas kwa r ya kawaida ya juu, ile inayokaa juu ya herufi inayofuata, ni "kwa mwalimu", na kwa r ya kope ni "kwa mpishi". Kwenye simu, ukiandika र kisha alama ya kukata irabu kisha य, utapata r ya juu, si kope. Bonyeza ऱ, ile yenye nukta chini, kisha alama ya kukata irabu, kisha य. Hapo itakaa sawa.

Turudi kwenye nyuso, maana erandel inaeleweka vizuri zaidi ikiwa kati ya jirani zake.

Iliyo karibu nayo kabisa ni naak muradne, kupinda pua. Pua ni ileile inayokunjika, lakini mwenye kuipinda ana uwezo wa kukataa na anajiona yuko juu ya kile kitu. Bibi harusi mtarajiwa akipelekewa sari ya bei nafuu akapinda pua, huo ni dharau. Kwa Kiswahili tungesema anabeua au anabetua midomo. Mtu akinyweshwa nyonyo hana dharau, ameshindwa. Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na kamusi nyingi huziweka nahau hizi mbili chini ya neno moja la "kuchukia".

Kapaalaalaa aathyaa padne ni mikunjo kuanguka kwenye paji la uso. Hii tunayo, ni kukunja ndita, isipokuwa kwamba kwetu mtu ndiye anayekunja, na kwao ndita zinaanguka zenyewe. Ni uso wa kwanza wa kero, kabla mtu hajaamua kusema. Na paji la uso, kapaal, kwa Wamarathi ni mahali bahati ya mtu inapohesabiwa kuwa imeandikwa, kwa hiyo aliyekata tamaa hushika paji: kapaalaalaa haat laavne. Sisi tunashika tama, shavu mkononi. Ukitafsiri kwa "kushika tama" maana itafika, lakini picha itakuwa imehama sehemu.

Dole vataarne ni kutoa macho kwa ukali, kumkodolea mtoto mbele ya wageni ili aache. Daat-oth khaane, kula meno na midomo, ni hasira iliyobanwa. Gaal phugavne, kuvimbisha mashavu, ndiyo hasa kununa, na hapo ndipo neno lile la pembeni mwa daftari lilitakiwa kwenda. Mwenye hasira za karibu husemwa hasira yake iko kwenye ncha ya pua, naakaachyaa shendyaavar raag. Hofu ya ghafla ni tondche paani palne, maji ya mdomoni kukimbia, sawa na mate kumkauka mtu. Na aliyeumbuka mbele za watu, tond evdhese jhaale, uso ulikuwa kadogo hivi. Kiswahili cha mitaani kina jibu lake tayari, akawa mdogo kama piritoni.

Jozi inayohitaji uangalifu zaidi ni cheharaa padne na cheharaa paadne. Tofauti ni urefu wa irabu tu: padne, a fupi, ni kuanguka, paadne, aa ndefu, ni kuangusha. Tyaachaa cheharaa padlaa, uso wake ulianguka, kama sisi tunavyosema uso ulimshuka: amepokea habari mbaya, hana kosa. Cheharaa paadun basu nakos, usikae umeangusha uso: sasa unamlaumu kwamba anaifanya kusudi. Ukirefusha irabu mahali pasipofaa, mtu aliyefeli mtihani asubuhi hiyo atasikia lawama badala ya pole. Kwa mtu aliyechoka, mgonjwa au mwenye huzuni, neno la salama ni utarne, kuteremka: Tujhaa cheharaa kaa utarlaay? Mbona uso umekushuka? Huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi chai hufuata.

Erandel haiulizwi kwa sauti ya chini. Ina kicheko kidogo ndani yake na ina karipio, kwa hiyo husemwa kutoka juu kwenda chini au kati ya walio sawa. Mama humwambia mtoto, aaji, yaani bibi, humwambia mjukuu, mke na mume huambiana, marafiki pia. Kimarathi kina tu kwa mtu wa karibu au mdogo, na tumhi kwa mtu wa heshima, na wanafunzi wengine hudhani kwamba wakibadilisha nakos kuwa nakaa, ile ya heshima, wameshajikinga. Hawajajikinga. Sarufi itakuwa na adabu na picha haitakuwa nayo. Mkwe, mwalimu, mgeni wa kwanza: usimwambie. Hata ukimsimulia asipokuwepo, pima nani anasikiliza. Na kwenye msiba usiitumie kabisa, hata kama uso unafanana, kwa sababu mfiwa hakunyweshwa kitu na mtu yeyote, na kumwambia hivyo ni kusema huzuni yake ni ukaidi.

Kuhusu kutafsiri kwenda Kiswahili, ushauri wangu ni kutoikimbia nyonyo. Msomaji wa Kiswahili aliyekua na bibi anaijua chupa ile. "Alitabasamu kwa uso wa aliyenyweshwa nyonyo" inaeleweka Tanga, inaeleweka Mombasa, na inabeba yale mambo matatu yote. Kauli ya kutendeshwa ndiyo inayofanya kazi hapo: kunyweshwa, si kunywa. Kimarathi kinasema pyaaylyaa, aliyekunywa tu, kwa sababu kila msikilizaji anajua kwamba hakuna mtoto anayejinywesha mwenyewe. Sisi tunaweza kulisema wazi kwa silabi moja, na hiyo silabi isiachwe.

Pa kuanzia wiki ya kwanza, chukua sentensi tatu, usizidishe. Ya katazo, cheharaa karu nakos. Ya swali, asaa cheharaa kaa kelaas?, mbona umefanya uso hivyo? Na ya kujisema mwenyewe, ambayo ndiyo salama kuliko zote kwa mgeni: mi erandel pyaaylyaasaarkhaa cheharaa karun baslo, nilikaa nimeufanya uso wa aliyekunywa nyonyo. Hapo baslo ni ya mwanamume. Mwanamke atasema basle, maana kukaa hakuna kitendwa, na kitenzi kimerudi kumfuata mwenye uso.